Riba Imeshuka, Bei Nayo Imeshuka: Nani Anafaidika?

Tangu riba za mikopo ya nyumba zilipopanda Marekani mwaka 2022, madalali wa huko wamekuwa na ushauri mmoja kwa mnunuzi anayesita: nunua sasa, riba utaibadili baadaye. Nyumba ukishaipata ni yako, wanasema, na siku riba itakaposhuka utachukua mkopo mpya wenye riba nafuu, ufute ule wa zamani, na rejesho la kila mwezi litapungua. Ushauri huo umewafikia pia wauguzi, madereva wa malori na wahandisi waliotoka Mombasa, Arusha na Bukavu, ambao sasa wanaishi Dallas, Minneapolis au Atlanta. Una ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba umeegemea sharti moja ambalo halitajwi: bei ya nyumba isishuke. Bei ikishuka vya kutosha, mkopo mpya haupatikani, hata kama riba nafuu imebandikwa kwenye dirisha la kila benki.

Kwanza tuutendee haki ukweli wake. Mkopo wa nyumba wa kawaida Marekani ni wa miaka 30, riba yake haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mikopo mingi ya leo hakuna faini ya kuulipa mapema. Ni neema ambayo wakopaji wa nchi nyingi hawana. Riba za soko zikipanda, mkopaji hatikisiki, zikishuka, anahama. Sasa linganisha watu wawili. Wa kwanza amekopa dola 200,000 kwa riba ya asilimia 7, wa pili amekopa dola 248,000 kwa riba ya asilimia 5. Kila mwezi wote wanarejesha takriban dola 1,331. Lakini wa kwanza ana nafasi ya kuboresha hali yake, kwa kuwa riba ya asilimia 7 inaweza kubadilishwa siku moja. Wa pili amefungwa na deni kubwa, na hakuna benki itakayompunguzia dola 48,000 kwa sababu alinunua wakati bei iko juu. Riba hurekebishika, bei uliyokubali haina marejeo. Kwa hiyo mtu anayelazimika kuchagua kati ya bei ya juu yenye riba ndogo na bei ya chini yenye riba kubwa, kwa rejesho lile lile, aiegemee bei ya chini.

Lakini bei ya chini ya leo inaweza kuwa bei ya juu ya mwakani, na hilo Marekani walilijua kwa machungu. Faharisi ya Case-Shiller, yenye majina ya wachumi Karl Case na Robert Shiller, inaonyesha kwamba bei za nyumba kwa nchi nzima zilifika kileleni katikati ya 2006, na hazikugusa chini hadi Februari 2012, zikiwa zimepungua kwa takriban asilimia 27. Wastani huo unaficha mengi. Las Vegas bei zilipungua kwa zaidi ya asilimia 60, Phoenix kwa zaidi ya nusu, huku Dallas zikipungua kwa asilimia 10 hivi. Anayezungumzia soko la nyumba la Marekani kana kwamba ni moja tayari ameanza kukosea.

Katika miaka hiyo hiyo riba nazo zilikuwa zikiteremka. Kwa takwimu za Freddie Mac, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, mkopo wa miaka 30 ulikuwa na riba ya karibu asilimia 6.8 mnamo Julai 2006, wastani wa asilimia 5 hivi mwaka 2009, na asilimia 3.31 mnamo Novemba 2012. Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba yake hadi karibu sifuri Desemba 2008, ikaanza pia kununua dhamana za mikopo ya nyumba kwa mamia ya mabilioni. Bei hazikusikia. Wanaodai kwamba riba ikishuka lazima bei zipande wana miaka mitatu na zaidi ya kuieleza hapo. Riba nafuu humsaidia mtu mwenye kazi, mwenye kianzio na mwenye rekodi safi ya mikopo. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10, benki zilikuwa zimebana masharti, na kila nyumba iliyopigwa mnada iliishusha bei ya jirani yake.

Tuweke mfano wa hesabu, tuufuate kwa karibu. Familia inanunua nyumba ya dola 300,000 katikati ya 2006. Inatoa kianzio cha asilimia 10, inakopa dola 270,000 kwa riba ya asilimia 6.5. Rejesho ni dola 1,707 kwa mwezi, mbali na kodi ya mali na bima. Miaka mitatu inapita bila kukosa hata mwezi mmoja, na familia imekwisha kulipa zaidi ya dola 61,000. Deni limepungua kwa dola 9,700 tu. Zilizobaki zote zimekwenda kwenye riba, maana ndivyo mkopo wa muda mrefu ulivyo katika miaka yake ya mwanzo. Bado inadaiwa karibu dola 260,300. Wakati huo bei za mtaa wao zimeshuka kwa robo, na mthamini wa benki anaandika dola 225,000.

Riba sasa ni asilimia 5. Mkopo mpya wa miaka 30 ungeshusha rejesho hadi dola 1,397, nafuu ya dola 310 kila mwezi. Familia inakwenda benki na karatasi zake zote. Benki inataka deni lisizidi asilimia 80 ya thamani ya nyumba, yaani dola 180,000. Ili wapate riba nafuu, inabidi walete dola 80,300 taslimu. Hata benki yenye huruma, ikubali asilimia 95, bado ingewataka walete zaidi ya dola 46,000. Hawajakosa rejesho hata moja, kazi wanayo, na rejesho jipya lingekuwa dogo kuliko wanalolipa sasa. Hata hivyo wanarudi nyumbani na riba yao ya asilimia 6.5. Mwishoni mwa 2009, kwa hesabu za kampuni ya takwimu ya CoreLogic, nyumba zaidi ya milioni 11, karibu robo ya nyumba zote zenye mkopo, zilikuwa na deni kubwa kuliko thamani yake.

Serikali ililiona hilo. Machi 2009 ilianzisha programu ya HARP, iliyomruhusu mtu abadili mkopo hata kama deni limeipita thamani ya nyumba, mradi mkopo wenyewe uwe umenunuliwa au kudhaminiwa na Freddie Mac au kampuni mwenzake Fannie Mae na asiwe na malimbikizo. Mwanzoni kikomo kilikuwa deni la asilimia 105 ya thamani. Julai 2009 kikapandishwa hadi 125. Mwishoni mwa 2011 kikaondolewa kabisa. Familia ya mfano wetu, ambayo deni lake ni asilimia 116 ya thamani, ingekataliwa mwezi Mei na kukubaliwa mwezi Agosti, bila chochote kubadilika kwao. Hadi programu ilipofungwa Desemba 2018, mikopo zaidi ya milioni tatu ilikuwa imebadilishwa kwa njia hiyo. Ni kazi njema, ila iliwaacha nje waliokuwa taabani kuliko wote.

Hao ni waliopewa mikopo ya wateja wenye rekodi dhaifu, na Wamarekani Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walisukumiwa mikopo hiyo kuliko wengine. Mingi ilikuwa na riba ya kuvutia kwa miaka miwili, kisha riba ilipanda na kuyumba na soko kwa miaka 28 iliyobaki. Mchumi Gary Gorton wa Yale ameeleza kwamba mikopo hiyo iliundwa tangu mwanzo kwa kutegemea ibadilishwe kabla ya miaka miwili kwisha, na ili ibadilishwe ilikuwa lazima bei ipande. Nunua sasa, riba utaibadili baadaye: ndio ushauri ule ule, ukiwa umeandikwa ndani ya mkataba. Bei zilipoacha kupanda, mashine yote ilikwama. Kwa hiyo ninapousikia ukitolewa leo kwa kijana mwenye kianzio cha asilimia 3 au 5, katika mji kama Austin ambako bei zimeteremka tangu kilele cha 2022, nina kila sababu ya kumhofia. Oktoba 2023 riba ilifika asilimia 7.79, na mwaka 2024 wote haikushuka chini ya asilimia 6. Anayenunua mjini humo leo kwa kianzio chembamba hajui kitakachotangulia, riba kufika anapopataka au kianzio chake kumezwa na bei.

Basi asubiri? Asubiri hadi lini? Kuna tofauti kubwa kati ya soko la hisa na la nyumba, na Case na Shiller waliionyesha katika utafiti wao wa 1989: bei za nyumba zina mazoea. Zilizopanda mwaka huu huelekea kupanda mwakani, na zilizoshuka huelekea kuendelea kushuka. Kwa mnunuzi hii ni habari ya manufaa, maana kushuka kwa nyumba hakugeuki ghafla Jumanne asubuhi. Anayeona bei zimeanza kuteremka ana muda wa kujipanga, kuongeza kianzio na kusafisha rekodi yake. Mwaka 2009 Bunge la Marekani liliwapa wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza nafuu ya kodi ya hadi dola 8,000, mkataba ukihitajika kuwa umesainiwa kufikia tarehe 30 Aprili 2010. Watu walikimbilia. Nafuu ilipokwisha, mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa yalianguka kwa asilimia 27 katika mwezi mmoja wa Julai, na bei ziliendelea kushuka kwa karibu miaka miwili zaidi. Nyumba ya dola 200,000 ikipungua kwa asilimia 4 tu, zile dola 8,000 zimekwisha kuliwa.

Hata hivyo, kuiwinda siku ya bei ya chini kabisa ni kazi bure, kwa sababu moja iliyo wazi. Faharisi yenyewe ni wastani wa miezi mitatu na hutangazwa baada ya miezi miwili. Ile Februari 2012 ilijulikana mwishoni mwa Aprili, na hata hapo hakuna aliyejua kwamba ndiyo chini; ilionekana kuwa mwezi mwingine mbaya. Aliyenunua mwaka mmoja kabla yake alipoteza asilimia chache. Aliyengoja mwaka mmoja baada yake alikuta bei zimepanda kwa zaidi ya hizo. Hakuna kati ya hao wawili aliyeharibikiwa. Walioharibikiwa ni wale wa 2006 na 2007 waliokuwa na kianzio kidogo kisha wakalazimika kuuza, kwa kufukuzwa kazi, talaka, ugonjwa au kuhamishwa. Kwa nchi nzima bei zilirudi kwenye kilele cha zamani mwishoni mwa 2016, miaka kumi baadaye. Las Vegas ilingoja hadi baada ya 2020. Wenye uwezo wa kukaa muda wote huo walitoka salama. Ndiyo maana swali ninaloliona zito kuliko la bei ni hili: una uhakika gani wa kukaa katika mji huo, kwa kazi hiyo, miaka saba au kumi ijayo? Muuguzi mwenye kibali cha kazi kinachofanyiwa upya kila baada ya miaka michache analijibu tofauti na mwenye uraia, na hapaswi kuona haya kupanga kwanza.

Zipo dalili zinazotangulia bei. Idadi ya mauzo ndiyo ya kwanza. Mwaka 2005 nyumba zilizouzwa Marekani, mbali na mpya kabisa, zilipita milioni 7, nacho ndicho kilele. Bei zilifikia kilele chao mwaka uliofuata. Kufikia 2008 mauzo yalikuwa yameteremka hadi milioni 4 na kidogo. Sababu yake iko moyoni mwa muuzaji. David Genesove na Christopher Mayer walichunguza mauzo ya fleti za Boston katika miaka ya 1990, baada ya bei kuporomoka, wakakuta kwamba mwenye nyumba anayekabiliwa na hasara hutaja bei ya juu kuliko jirani yake asiye na hasara, na nyumba yake hukaa sokoni muda mrefu zaidi. Hataki kuikubali hasara, basi anangoja. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo haishuki. Kinachopungua kwanza ni wanunuzi. Ukiona nyumba zimekaa miezi minane bila kuuzwa mtaani unakotaka kununua, bei ya kweli ni ya chini kuliko matangazo, na una haki ya kutoa ofa yako bila woga.

Dalili ya pili ni pango. Jumlisha rejesho, kodi ya mali, bima na matengenezo, ulinganishe na pango la nyumba inayofanana mtaa huo huo. Ikiwa kumiliki ni ghali mno kuliko kupanga, soko bado lina safari ya kushuka, na mpangaji hapotezi kitu kwa kusubiri. Vikikaribiana, kusubiri kunaanza kuwa na gharama. Mwaka 2012 wenye fedha nyingi walipiga hesabu hiyo: kampuni ya Blackstone ilianzisha Invitation Homes na kununua maelfu ya nyumba za familia katika miji kama Phoenix ili kuzipangisha. Naliona hili kuwa sehemu chungu ya kisa chote. Nyumba zilizokuwa za wakopaji waliofungiwa mlango wa riba nafuu ziliishia kwa wanunuzi wasiohitaji mkopo wa nyumba hata kidogo.

Kwa aliye ndani tayari na mlango wake uko wazi, kosa la kawaida ni kutoutumia. Benjamin Keys, Devin Pope na Jaren Pope walipima hali ya Desemba 2010 wakakuta kwamba takriban asilimia 20 ya kaya zilizokuwa na sifa na faida ya kubadili mkopo hazikufanya hivyo. Kwa kaya ya kati hasara ilikuwa dola 160 kwa mwezi, na kwa thamani ya siku ile jumla yake ni dola 11,500. Wengine hawakuziamini barua za benki, wengine waliona karatasi ni nyingi. Hesabu yenyewe si ngumu. Gharama za kufunga mkopo mpya zikiwa dola 6,000 na nafuu ikiwa dola 310 kwa mwezi, zinarudi ndani ya miezi 20. Ukijua utahama kabla ya hapo, achana nalo.

Mtego uko kwenye miaka. Aliyekwisha kulipa miaka mitatu akichukua mkopo mpya wa miaka 30 amejiongezea miaka mitatu ya deni. Turudi kwenye zile dola 260,300 kwa asilimia 5, tuseme mlango ungekuwa wazi. Kwa miaka 30 rejesho ni dola 1,397 na jumla inafika karibu dola 503,000. Ukimaliza ndani ya miaka 27 iliyokuwa imebaki, rejesho ni dola 1,466 na jumla ni karibu dola 475,000. Dola 69 zaidi kwa mwezi zinaokoa dola 28,000. Benki haikatazi kulipa zaidi, lakini pia haitakukumbusha. Tangu Oktoba 2015 mkopeshaji anatakiwa akupe fomu ya makadirio yenye kurasa tatu ndani ya siku tatu za kazi baada ya maombi. Wengi husoma ukurasa wa kwanza, ulipo mstari wa rejesho la mwezi, wakaishia hapo. Nenda ukurasa wa tatu, kwenye kisanduku kinachoonyesha utakuwa umelipa kiasi gani baada ya miaka mitano, na kati ya hizo ni ngapi zimepunguza deni lenyewe. Chukua fomu za wakopeshaji watatu, weka visanduku hivyo sambamba. Na hata ukishasaini mkopo mpya kwa benki nyingine juu ya nyumba unayoishi, sheria inakupa siku tatu za kazi za kuufuta.

Kubadili mkopo ili kutoa fedha ni jambo jingine kabisa, nami nalitenga kwa makusudi. Atif Mian na Amir Sufi walionyesha kwamba kati ya 2002 na 2006 wenye nyumba Marekani walikopa takriban senti 25 kwa kila dola ambayo thamani ya nyumba zao iliongezeka. Wengi waliozama baadaye hawakununua kwa bei ya kilele. Walinunua miaka ya 1990 kwa bei ya kawaida, kisha wakaitoa thamani yote na kuitumia. Katika jumuiya zetu za ughaibuni fedha hizo mara nyingi zinatajwa kwa ajili ya kiwanja Kitengela au nyumba ya wazazi Moshi. Nia ni njema. Lakini ni deni la dola juu ya paa wanapolala watoto, limehamishiwa kwenye jengo lisiloweza kuuzwa upesi kuliokoa paa hilo. Sheria nayo hubadilika pamoja na mkopo: California, mkopo wa kununulia nyumba ya kuishi haumruhusu mkopeshaji akufuate zaidi ya nyumba yenyewe, ila fedha unazozitoa juu yake hazina kinga hiyo.

Nchini Kenya mambo yana sura nyingine. Mikopo ya nyumba ni kama elfu 30 tu nchi nzima na mingi riba yake huyumba, kwa hiyo kinadharia riba ikishuka mkopaji apate nafuu bila kuhama. Benki Kuu ilianza kuteremsha riba yake kutoka asilimia 13 mnamo Agosti 2024, na ikabidi ziwepo kelele za hadharani ili benki za biashara ziifuate. Kuhama benki kuna ada ya mthamini, ya wakili, ya kufuta dhamana ya zamani na kusajili mpya. Kabla ya kuzilipa, iandikie benki yako barua uiombe ishushe riba, ukiambatisha ofa ya benki nyingine. Bei nazo Nairobi hazishuki kwenye matangazo, kwa sababu ile ile ya wenye fleti wa Boston: jengo linakaa nusu tupu, muuzaji anatoa maegesho ya bure au miezi zaidi ya kulipa, lakini tarakimu haiguswi. Anayenunua hapo aulize fleti ya mwisho katika jengo hilo iliuzwa shilingi ngapi na mwezi gani, aombe kuuona mkataba, na aanzie mazungumzo kwenye tarakimu hiyo.